Moja Iliyokataa Kuwa Namba

Watu wa ofisini wanasema nina wivu. Sawa, ninao, sikatai. Lakini kabla hujawaunga mkono, ungemwona kwanza Kaleab, kijana wa pale pale, anavyokula shiro, ule mchuzi wetu wa unga wa kunde.

Mkono wa kulia unamega mkate wa injera, wa kushoto unabonyeza vitufe, macho yako kwenye skrini, mdomo unaongea, na hakuna tone linalodondoka. Shati lake jeupe linarudi nyumbani likiwa jeupe. Mimi nikila shiro, hata mlinzi wa getini anajua nimekula nini. Mtu wa namna hiyo ukimweka meza moja na mwanamke unayempenda, utapata usingizi? Mimi sikuupata.

Mwanamke mwenyewe ni Fikirte. Ofisi yetu pale Arat Kilo inatengeneza programu za kompyuta, na kazi yake yeye ni kuzijaribu kabla hazijatoka kwenda kwa wenyewe. Unampa programu uliyoihangaikia mpaka macho yamekuwa mekundu, anaigusa hapa, anaigusa pale, inaanguka. Anakutazama kwa huruma, halafu anacheka. Nilimpendea kicheko hicho. Kwa muda mrefu kilikuwa changu peke yangu, maana programu zilizokuwa zikianguka zilikuwa zangu.

Tulikuwa tumeshakubaliana. Wazee wa kwetu wangepanda kwa baba yake siku ya Jumapili, wamejifunga mashuka yao meupe ya gabi, wamwombe binti yake kama desturi inavyotaka. Baba yake alikuwa hanijui hata kwa sura. Fikirte alitaka jambo moja tu: tungoje kwanza kazi ya kanisa ikabidhiwe, ili wazee wamkute baba akiwa na moyo mkunjufu.

Kazi ya kanisa, kwa sababu baba yake ni Merigeta Hailemeskel, mwalimu mkuu wa nyimbo katika kanisa moja la upande wa mlima Entoto. Walitaka programu kwa ajili ya wanafunzi wao. Mwanafunzi aandike namba ya Zaburi, ukurasa ufunguke, na sauti ya mwalimu wa zamani isikike akiiimba. Ni kazi rahisi, isipokuwa Merigeta alitoa sharti: mtu aweze kuandika namba kwa tarakimu za Kigeez, lugha ya kale ya kanisa, zile zilizo kwenye vitabu vya ngozi. "Siwezi kumfungulia Daudi mlango kwa namba za wageni wakati zetu zipo," alimwambia binti yake, na binti akatuletea.

Hapo ndipo kazi ilipo. Asiyefanya kazi hii hudhani ukiandika 5 kompyuta inaona tano. Haioni tano wala nini. Inaona maandishi, kama inavyoona jina lako. Iambie ijumlishe 3 na 4 zilizoandikwa hivyo, itakuletea 34, imezipanga bega kwa bega, na haioni aibu. Mpaka uiamuru: haya maandishi yageuze yawe namba. Kwa tarakimu za kawaida, amri hiyo imo tayari ndani ya lugha tunayoandikia programu. Kwa tarakimu zetu ni habari nyingine. Sifuri hakuna. Kumi ina alama yake, ishirini ina yake, mia ina yake. Ishirini na tatu ni alama ya ishirini, kisha ya tatu. Inabidi uitengenezee kompyuta jedwali lako mwenyewe na kuifundisha alama hadi alama.

Na kazi za kugeuza maandishi kuwa namba ni zangu. Kila mtu pale anajua. Mteja ameandika namba ya simu akaacha nafasi katikati, aitwe Wubishet. Mteja ameandika mia mbili kwa maneno, aitwe Wubishet. Kwa hiyo Etiye Tsige, mwenye ofisi, alipokaa na kusema, "Hii tumpe Kaleab," nilidhani amekosea jina.

"Kaleab gani?" nikauliza, kana kwamba tunao wanne.

"Huyu hapa, Wube. Alisoma shule ya kanisa utotoni. Namba hizi amezinyonya na maziwa. Wewe utaisoma kazi yake akishamaliza."

"Yaani mimi nimwangalie mtoto akiandika?"

"Mtoto ana ndevu, bwana. Na wewe hujazeeka kiasi hicho."

Kaleab akageuza kiti chake, akanitolea meno yote. "Usijali, Gashe Wube. Nikikwama nitakuja kukuuliza."

Gashe! Hilo ni neno la kumwitia mjomba, mtu mzima, mwenye mvi na dawa za presha mfukoni. Nina miaka thelathini na minne. Na aliniita hivyo mbele ya Fikirte, na Fikirte akacheka, na kicheko kilikuwa kile kile nilichodhani ni changu.

Basi kazi ikaanza, na mateso yangu yakaanza nayo. Kaleab ana tabia ya kuimba akifanya kazi. Alikuwa akizitaja namba za Kigeez kwa sauti ya kanisani, ile ya kuvuta, ahadu, kil'etu, selestu, huku akizipanga kwenye jedwali lake. Fikirte amelelewa katika nyumba ya nyimbo. Sauti ile alizaliwa akaikuta. Siku ya kwanza alitikisa kichwa tu. Siku ya pili alimwitikia kwa chini chini. Baada ya hapo ilikuwa kwaya. Huyu anaanza, yule anapokea, na mimi katikati yao na meza yangu, mtoto wa fundi malori wa mji wa Adama, ninayezijua namba hizo kwenye kalenda ya ukutani tu.

"Imbeni basi na ya harusi," niliwaambia siku moja.

"Ya harusi hatuijui, Gashe Wube," Kaleab akajibu. "Tufundishe wewe."

Nilianza kumtafutia makosa. Sioni kwa nini nifiche. Nilimwambia Etiye Tsige kwamba Kaleab anavipa vitu majina ya kijinga ndani ya programu. Nilimwambia anachelewa asubuhi. Nilimwambia kiti chake kinapiga kelele, na kwamba kwa jinsi anavyojizungusha juu yake, siku moja kitaanguka. Yote yalikuwa kweli! Lakini Etiye Tsige alifika mahali pa kuninyooshea kiganja kabla sijafungua mdomo. "Wube, kama ni Kaleab tena, ngoja ninywe chai kwanza."

Kisha ikaja Jumatano. Siku ya mfungo, hakuna nyama, tumeagiza sinia moja la shiro na dengu na mboga, tumelizunguka wote. Fikirte akamega injera, akachota dengu, akaviringisha tonge kwa vidole vyake vile, akalipuliza, akanyoosha mkono. Nikafungua mdomo. Mkono ukanipita. Ukaenda kwa Kaleab.

Najua utaniambia nini. Utaniambia tonge la mkononi kwetu ni upendo wa kawaida, mtu humlisha hata mgeni, hata mwenye nyumba wake. Najua. Hata mimi nilipewa langu baadaye. Lakini nililiona la Kaleab na nikaliona langu, na langu lilikuwa dogo.

"Umeona jinsi alivyokonda?" Fikirte akasema, huku akijipangusa vidole. "Kaliye, kula. Programu ya kanisa haitakimbia."

Kaliye. Yaani Kali wangu. Huyo mwenye shati jeupe ni Kali wake, na mimi, ambaye wazee wangu walikuwa tayari wanafua gabi, ananiita Wubishet. Jina zima, kama polisi barabarani anayesoma leseni. Dengu zilinikwama kooni, nikanywa maji ya watu wote.

Kesho yake Kaleab alimaliza, na kazi yake ikaja kwangu niisome. Niliisoma kama mtu anayetafuta unywele kwenye chakula cha mke mwenza. Na nitasema ukweli, ilikuwa imeandikwa vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jedwali lilikuwa safi, mamia na makumi yamekaa mahali pake, hata mimi nisingelifanya fupi hivyo. Nilikaribia kuifunga na kwenda nyumbani na roho yangu mbovu.

Halafu nikaona.

Nitaeleza polepole, maana ni raha yangu. Programu yake ikipokea maandishi, kwanza inauliza: je, haya yote ni tarakimu? Ikijibiwa ndiyo, inayapeleka kwenye amri ya kawaida ya kugeuza, ile iliyomo ndani ya lugha. Ikijibiwa hapana, inayapeleka kwenye jedwali la Kigeez. Alidhani swali lile linatambua tarakimu za kawaida peke yake. Kosa lake liko hapo. Alama zetu za moja hadi tisa, lugha inazijua kuwa ni tarakimu. Ukiiuliza, inakubali kwa kichwa: ndiyo, hii ni tarakimu. Lakini ukiiambia sasa igeuze iwe namba, inaruka na kupiga mayowe kwamba haijawahi kuiona. Alama za kumi na kuendelea haiziiti tarakimu, kwa hiyo zinapita upande wa jedwali salama salimini. Ishirini na tatu inapita. Mia na hamsini inapita. Inayokufa ni moja. Na mbili, na tatu, mpaka tisa, kila moja ikiandikwa peke yake.

Na hakuna aliyejaribu moja! Kaleab alijaribu namba za fahari, mia na kumi na tisa, mia na hamsini, za kuonyesha ufundi. Fikirte naye alijaribu kumi na mbili, ishirini na tatu, na zile za kawaida zote. Nani ahangaike na moja? Moja ndiyo ya kwanza mtoto kujifunza.

Nilicheka peke yangu hadi Etiye Tsige akachungulia.

Siku ya Ijumaa tukakaa kikao. Makabidhiano yalikuwa Jumatatu, kanisani, mbele ya Merigeta na wanafunzi wake, na Kaleab ndiye wa kuonyesha. Etiye Tsige akauliza kama kuna mwenye neno.

"Itaanguka," nikasema.

"Nini itaanguka?"

"Programu. Jumatatu. Itaanguka."

Kaleab akainua mikono. "Gashe Wube, hata kiti changu ulisema kitaanguka. Nimekikalia mpaka leo."

Walicheka wote. Etiye Tsige alicheka mpaka akavua miwani. Fikirte alijaribu kujizuia, akaziba mdomo, mabega yakamsaliti.

"Haya, Wube," Etiye Tsige akasema akijifuta macho. "Itaanguka wapi?"

Nilikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi. Neno moja tu. Lakini niliyatazama yale meno ya Kaleab, nikayatazama mabega ya Fikirte, na jibu likarudi lilikotoka.

"Muulizeni bingwa wenu," nikasema, nikachukua koti langu.

Fikirte alinifuata. Nje ya jengo letu kuna mama anayeuza kahawa, ana viti vifupi na ubani unaowaka muda wote. Tulikaa. Tulikunywa kikombe cha kwanza. Mama alipotumiminia cha pili, Fikirte akaniwekea mkono gotini, jambo ambalo halifanyi mbele za watu.

"Wubishet, nakujua. Umeona kitu kweli, au ni yale yako?"

"Yale yangu yapi?"

"Usinifanye niyataje. Umeona kitu?"

Mkono bado uko gotini. Nilimtazama na nikahisi hasira zote zinayeyuka, ningemwambia, nakuapia ningemwambia. Nilishafungua mdomo.

"Kama kuna kitu niambie sasa hivi," akasema. "Kaliye akijua hatalala mpaka airekebishe. Amejitolea mno kwa kazi hii, ataumia vibaya ikianguka mbele ya baba."

Kaliye hatalala, Kaliye ataumia, Kaliye amekonda. Na mimi je? Mimi niliyekosa usingizi tangu huyo Kaliye aingie na shati lake, nani amewahi kuniuliza nimelala? Nilikunywa kahawa yote kwa mkupuo ikaniunguza.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nilikuwa natania tu."

"Kweli?"

"Nimekwambia natania."

Akashusha pumzi, akaniminya goti. "Utaniua siku moja na utani wako," akasema, akacheka. Akala kona kurudi juu, bila shaka kumpa Kaliye wake habari njema. Kikombe cha tatu nilikunywa na mama wa kahawa.

Jumatatu tulipanda Entoto kwa gari la Etiye Tsige. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa wanafunzi wa nyimbo kwenye mabenchi, wamejitanda nguo nyeupe. Fikirte alikuwa amejifunika netela, shuka jembamba jeupe, kichwani na alikuwa mzuri kiasi cha kunitia uchungu. Merigeta akaingia, mrefu, kilemba kimemkaa, fimbo yake ya kuimbia mkononi. Binti yake akamwinamia, yeye akambusu bega huku na huku, kisha akawageukia wanafunzi wake.

"Huyu ni mwanangu," akawaambia. "Kifaa hiki amekijaribu kwa mikono yake. Ndiyo maana nimekubali kiingie hapa."

Nililisikia neno hilo. Sikulitilia maanani. Nilikuwa nimeshughulika kumtazama Kaleab akiunganisha projekta, shati jeupe kama maziwa.

Alianza vizuri. Akaandika mia na hamsini, Zaburi ikafunguka ukutani, sauti ya mwalimu wa zamani ikajaa ukumbi, wanafunzi wakaguna kwa furaha. Akaandika ishirini na tatu. Safi. Akaanza kujichanua, akaeleza mambo ya makumi na mamia, mikono ikaruka hewani. Fikirte alikuwa anatabasamu. Nikaanza kuingiwa na hofu kwamba atamaliza.

"Niandike na mimi," Merigeta akasema.

Wakampisha kiti. Akaegemeza fimbo mezani, akavitazama vitufe kwa heshima kama mtu aliyekaribishwa nyumba ya watu. "Leo ni Jumatatu," akasema. "Zaburi za Jumatatu zinaanzia mwanzo." Akatafuta alama kwa kidole kimoja. Akaandika moja.

Ukuta mzima ukajaa maandishi mekundu ya Kiingereza.

Akaandika tena. Mekundu tena. Mwanafunzi mmoja nyuma akakohoa kicheko, mwingine akampokea.

"Haijui moja?" Merigeta akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Zaburi zote inazijua, ila ya kwanza?"

"Labda, labda ni waya, Merigeta," Kaleab akasema. Alikuwa ameinama, anafungua na kufunga, shati limeloa mgongoni. Kwa mara ya kwanza nililiona shati lile likiwa na doa. "Jaribu mbili," akasema. Mbili ikaanguka. Mabenchi yote yakacheka.

Hapo nikasimama. Nilikuwa nimeisubiri hatua hiyo tangu Alhamisi, na niliitembea taratibu. "Niruhusu, Merigeta," nikasema, nikainama kama mtoto aliyelelewa. Kaleab akanipisha. Nikafungua programu, nikashuka mpaka pale, nikalihamisha lile swali lake: kwanza uliza jedwali la Kigeez, jedwali lisipojua ndipo uende kwenye amri ya kawaida. Ni mistari miwili kubadilishana nafasi. Nikairudisha ukutani.

"Andika sasa, Merigeta."

Akaandika moja. Zaburi ya kwanza ikafunguka, heri mtu yule, na sauti ya mwalimu aliyekufa zamani ikatoka kwenye spika, nzito na ya kukwaruza. Merigeta alifumba macho. Huenda alikuwa mwalimu wake. Aliisikiliza yote, na sisi sote tukasimama pale tukimsikiliza akisikiliza.

Akafumbua macho, akanitafuta. "Jina lako nani, mwanangu?"

"Wubishet, Merigeta."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Demissew, fundi wa malori. Wa Adama."

"Wubishet Demissew." Akanishika mkono, hakuuachia. "Mungu akuzidishie. Mmemwona kijana huyu?" akawauliza wanafunzi. "Hakuhangaika, hakupapasa. Amekwenda moja kwa moja penye ugonjwa. Hivyo ndivyo mtu anayejua anavyofanya. Uje kunitembelea nyumbani."

Uje kunitembelea nyumbani! Wazee wangu walikuwa na kazi gani tena? Mlango umeshafunguliwa, wao wanaingia tu na kukaa. Etiye Tsige alinikonyeza. Niligeuka kumtafuta Fikirte, ili nimwone anavyofurahi.

Hakuwapo. Nilimkuta nje, kwenye ngazi za ukumbi, netela imemshukia mabegani.

"Umemsikia baba?" nikasema. "Ameniita nyumbani. Mwenyewe!"

"Nimemsikia. Amesema hukupapasa."

"Ndiyo."

"Mimi najua unavyotafuta kosa, Wubishet. Nimekaa nawe miaka yote hii. Unasoma kutoka juu, unakuna kichwa, unatukana, unaomba kahawa. Leo hukusoma. Umeshuka mpaka pale pale."

"Nina uzoefu."

"Ijumaa nilikuuliza."

Nikatazama viatu vyangu. "Nilisema kwenye kikao itaanguka. Watu wote walisikia. Kama walicheka ni juu yao."

"Nilikuuliza mimi. Peke yetu. Ukasema unatania."

"Ungeniuliza kwa ajili yangu ningekwambia!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Uliniuliza kwa ajili yake. Kaliye hatalala, Kaliye ataumia. Huyo Kaliye ukimwita hivyo unataka mimi nifanye nini? Nishangilie? Mimi unaniita Wubishet kama polisi."

Alinitazama kama anavyotazama skrini ambayo imeganda.

"Kaliye," akasema. "Kumbe ni hilo."

"Ndiyo, ni hilo!"

"Kaliye namwita kila mtu, Wubishet. Etiye Tsige namwita Tsigiye. Mlinzi namwita vivyo hivyo. Jina lako silikati kwa sababu nalipenda lote." Akajifunika netela tena, akaikaza. "Na unajua baba alimtazama nani ilipoanguka? Hukuona, ulikuwa unamtazama Kaleab. Mimi ndiye niliyeijaribu. Amewaambia wanafunzi wake wote kwamba ni mimi. Ilipoanguka mara ya kwanza alinitazama mimi. Ya pili, akanitazama mimi."

Kwa kweli, na nasema hivi nikiwa bado nina hasira, katika hesabu zangu zote za nani ataumia, yeye sikumweka.

"Lakini sasa amenipenda," nikasema. "Baba yako. Amenipenda, Fikirte."

"Ndiyo. Baba amekupenda." Aliteremka ngazi moja. "Waambie wazee wasije Jumapili."

"Jumapili inayofuata basi."

"Waambie wasije."

Akashuka zilizobaki. Chini kabisa, kando ya ukuta, Kaleab alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mawe, kichwa kati ya magoti, kompyuta yake imefungwa pembeni. Fikirte akaketi hapo, akampa chupa ya maji, akawa anamwambia kitu ambacho sikukisikia. Nyuma yangu, ukumbini, walikuwa wanajaribu moja, na mbili, na tatu, na kila namba ilikuwa inafunguka. Nilikuwa nimeambiwa nimempoteza, nimeambiwa kwa maneno yaliyonyooka, na ningepaswa kuangalia jambo hilo. Nilichokuwa naangalia mimi ni nafasi iliyobaki kati ya bega lake na la Kaleab.